John von Neumann (1903–1957) na Aljebra za Opereta: Mwanzilishi, Istilahi na Warithi wa Taaluma

1.0 Utangulizi

Jina la John von Neumann si geni kwa wasomi wa karne ya 20. Wanauchumi humtaja kwa nadharia ya michezo, wahandisi wa kompyuta humtaja kwa muundo wa mashine unaobeba jina lake hadi leo, na wanahistoria wa vita humtaja kwa mchango wake katika utengenezaji wa bomu la atomiki. Hata hivyo, kazi iliyomchukulia muda mrefu zaidi katika miaka yake bora ya hisabati haifahamiki sana nje ya idara za somo hilo. Kazi hiyo ni nadharia ya aljebra za opereta, aliyoianza mwaka 1929 akiwa Ujerumani na kuiendeleza Marekani hadi vita vya pili vya dunia vilipomwita kwingine.

Madhumuni ya makala haya ni kusimulia maisha ya mtaalamu huyo kwa kuyatazama kupitia kazi hiyo moja. Swali linalotuongoza ni hili: taaluma huishi vipi baada ya mwanzilishi wake kuiacha? Hoja yetu ni kwamba von Neumann aliizaa taaluma hii lakini hakuilea. Waliolea ni wasimamizi wa tasnifu za uzamivu katika idara za vyuo vikuu, pamoja na wale walioipa istilahi zake na kuiandikia vitabu vya kufundishia. Hoja hiyo inawahusu pia wasomaji wa jarida hili, kwani suala la ni nani anayerithi maarifa, na kwa lugha gani, limekuwa likijadiliwa katika idara zetu tangu Kiswahili kilipoanza kutazamwa kama lugha ya taaluma za juu.

2.0 Malezi na Elimu

Von Neumann alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu. Baba yake, Miksa Neumann, alikuwa mtaalamu wa benki mwenye uwezo mkubwa wa kifedha, na mwaka 1913 familia ilipewa hadhi ya ukabaila. Hadhi hiyo ndiyo chanzo cha kiungo cha Kijerumani kilichokuja kutangulia jina la ukoo. Ingawa familia ilikuwa ya Kiyahudi, kijana huyo alisomea shule ya sekondari ya Walutheri mjini humo, ambako Eugene Wigner, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, alimtangulia kwa mwaka mmoja.

Mwalimu wake wa hisabati, László Rátz, alitambua mapema kwamba mtoto huyo hakufaa kufundishwa pamoja na wenzake katika somo hilo. Kwa ridhaa ya baba, alipatiwa wanahisabati wa chuo kikuu wamfundishe kando, mmojawapo akiwa Gábor Szegő. Mwaka 1922, kabla hajatimiza miaka 19, ilichapishwa makala yake ya kwanza aliyoiandika pamoja na Michael Fekete.

Baba yake hakuamini kwamba hisabati ingemlisha mtu. Walikubaliana kwamba kijana asomee uhandisi wa kemia, fani iliyokuwa na soko, huku akijisajili Chuo Kikuu cha Budapest kwa ajili ya hisabati. Kwa hiyo kati ya mwaka 1921 na 1926 alikuwa mwanafunzi wa mahali pawili kwa wakati mmoja: alisoma kemia Berlin na baadaye Zürich, na kurudi Budapest kufanya mitihani ya masomo ambayo hakuhudhuria mihadhara yake. Mwaka 1926 alikuwa na vyeti viwili, kimoja cha uhandisi wa kemia kutoka Zürich na kingine cha udaktari wa hisabati kutoka Budapest. Tasnifu yake ilihusu misingi ya nadharia ya seti.

Inafaa tuzingatie namna alivyoupata udaktari huo. Hakupitia njia ya kawaida ya mwanafunzi anayekaa miaka kadhaa chini ya msimamizi, akipewa swali, akisahihishwa rasimu na kurudishwa nyuma anapopotea. Mtu ambaye hakuhitaji kulelewa kitaaluma si rahisi akatambua kwamba wengine wanahitaji malezi hayo. Tutaona hapo baadaye athari za jambo hilo.

3.0 Göttingen na Nafasi ya Hilbert

Mwaka 1926 von Neumann alikwenda Göttingen kufanya kazi karibu na David Hilbert. Wakati huo fizikia ilikuwa katika msukosuko. Mwaka 1925 Werner Heisenberg alikuwa ameeleza mwenendo wa atomu kwa kutumia matriksi, yaani majedwali ya namba. Mwaka uliofuata Erwin Schrödinger alieleza mwenendo uleule kwa kutumia mawimbi. Maelezo hayo mawili yalitoa majibu yaleyale, lakini hayakufanana hata kidogo kwa sura.

Von Neumann alionyesha kwamba maelezo yote mawili ni picha mbili za kitu kimoja. Kitu hicho alikipa maana ya jumla na kukiita nafasi ya Hilbert kwa heshima ya mwenyeji wake. Nafasi tunamoishi ina vipimo vitatu, navyo ni urefu, upana na kimo. Nafasi ya Hilbert inaweza kuwa na vipimo visivyo na ukomo, lakini ndani yake umbali na pembe bado hupimika. Hali ya atomu huwakilishwa na mshale, au vekta, katika nafasi hiyo, na kila jambo linaloweza kupimwa, kama vile nishati au mahali, huwakilishwa na opereta. Opereta ni kanuni inayopokea vekta na kutoa vekta nyingine. Mawazo hayo aliyakusanya katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1932 kuhusu misingi ya kihisabati ya mekanika ya kwanta.

Sifa ya opereta inayostahili kuelezwa hapa ni kwamba utaratibu wa kuzitumia hubadili matokeo. Katika hesabu za kawaida, mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili. Kwa opereta sivyo. Mwanaisimu wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Mzizi -pig- ukiongezewa kiambishi cha kutendana kisha cha kutendesha, tunapata piganisha, yaani kuwafanya watu wapigane. Viambishi hivyo vikigeuzwa, tunapata pigishana, yaani watu kusababishiana tendo la kupiga. Viambishi ni vilevile na mzizi ni uleule, lakini utaratibu umeleta maana nyingine. Opereta mbili ambazo utaratibu wake hauleti tofauti tutasema kwamba zinapatana.

Katika makala aliyoikamilisha mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 25, von Neumann aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa uwazi. Badala ya kuchunguza opereta moja moja, kwa nini tusichunguze makundi yake, yanayojitosheleza katika kujumlisha na kuzidisha? Kisha akathibitisha jambo la ajabu. Tuchukue kundi la opereta lenye sifa chache za msingi. Tukusanye opereta zote zinazopatana na kila mwanakundi. Halafu tukusanye tena zote zinazopatana na hizo tulizozikusanya. Mkusanyo huu wa pili hulirudisha lile kundi la kwanza, likiwa limeongezewa tu zile opereta ambazo wanakundi wake wanazikaribia bila kikomo. Kwa maneno mengine, swali linalohusu kukaribiana, ambalo ni gumu, linaweza kujibiwa kwa kuchunguza kupatana peke yake, jambo ambalo ni la kialjebra. Uthibitisho huo ndio nguzo ya taaluma nzima iliyofuata.

4.0 Princeton na Ushirikiano na Murray

Von Neumann alifundisha Berlin kuanzia mwaka 1927 na Hamburg kuanzia mwaka 1929, lakini nafasi za uprofesa Ujerumani zilikuwa chache kuliko waliozitaka. Mwaka 1930 alialikwa Princeton, Marekani, na mwaka huohuo alimwoa Mariette Kövesi. Mtoto wao wa pekee, Marina, alizaliwa mwaka 1935. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1937, na mwaka uliofuata alimwoa Klára Dán, pia wa Budapest. Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani, aliachana na vyuo vya huko. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mmoja wa maprofesa wa kwanza wa Taasisi ya Masomo ya Juu ya Princeton, pamoja na Albert Einstein. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa umri.

Huko ndiko alikoanza ushirikiano na Francis Murray, kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyekuwa bado hajakamilisha udaktari wake. Makala yao ya kwanza ya pamoja kuhusu ringi za opereta, kama makundi hayo yalivyoitwa wakati huo, ilichapishwa mwaka 1936. Ya pili ilifuata mwaka 1937. Ya tatu, ya mwaka 1940, aliiandika von Neumann peke yake, na ya nne, ya mwaka 1943, waliiandika tena wote wawili.

Kiini cha makala hizo kinaweza kuelezwa kwa istilahi ambayo mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania anaifahamu. Kila namba nzima huweza kuvunjwa katika vigawo visivyovunjika zaidi. Murray na von Neumann walitafuta vigawo vya namna hiyo katika aljebra za opereta, yaani zile aljebra ambazo ndizo matofali ya kujengea nyingine zote. Walitarajia kwamba vigawo vyote vingefanana na aljebra za matriksi, ambamo vipimo huhesabiwa kwa namba nzima: kimoja, viwili, vitatu na kuendelea. Waligundua kwamba hao ni jamaa mmoja tu, walioupa jina la aina ya kwanza. Katika aina ya pili vipimo havihesabiwi bali hupimwa kama maji katika mtungi, kwani pande za nafasi huweza kuwa na kipimo cha nusu, theluthi, au namba yoyote iliyo katikati. Katika aina ya tatu, kipimo huwa ama sifuri ama kisicho na ukomo, na hakuna kilicho katikati. Mwaka 1936 walikuwa hawajui kama aina hii ya tatu ipo kweli. Makala ya mwaka 1940 ilithibitisha kwamba ipo.

Makala ya mwaka 1943 ilikwenda mbele zaidi. Ilionyesha kwamba miongoni mwa vigawo vya aina ya pili vyenye ukomo, vile vinavyoweza kukaribiwa kwa matriksi za kawaida vyote ni kitu kimoja chenye sura nyingi. Ilionyesha pia kwamba kuna kingine kisichofanana nacho, kinachojengwa kutokana na mkusanyiko huru wa alama mbili. Je, tukitumia alama tatu badala ya mbili, tutapata kigawo kilekile au kingine? Swali hilo linaweza kuelezwa kwa sentensi moja, lakini hadi leo halijapata jibu.

5.0 Vita, Mashine na Kuondoka

Kufikia mwaka 1943 von Neumann, aliyepata uraia wa Marekani mwaka 1937, alikuwa amezama katika kazi za vita. Alihesabu mwenendo wa milipuko na kushiriki katika mradi wa Los Alamos, ambako mchango wake ulihusu njia ya kubana madini ya plutoni kwa mlipuko wa nje. Njia hiyo ndiyo iliyotumika katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Alikuwa pia mjumbe wa kamati iliyochagua miji ya kushambuliwa. Baada ya vita aliendelea kuunga mkono silaha za nyuklia na msimamo mkali dhidi ya Urusi ya Kisovyeti. Mwandishi wa maisha yake hana budi kuyataja mambo hayo pamoja na thiorema zake, kwani ni mtu yuleyule na ni miaka ileile.

Mwaka 1944 kilitoka kitabu chake kuhusu nadharia ya michezo na mwenendo wa uchumi alichokiandika na Oskar Morgenstern. Mwaka 1945 aliandika ripoti iliyoeleza muundo wa kompyuta inayohifadhi maagizo yake katika kumbukumbu ileile inayohifadhi data. Mashine aliyoisimamia Princeton ilikamilika mwaka 1952. Mwaka 1955 alikuwa mjumbe wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani.

Katika wingi huo wa kazi, aljebra za opereta zilibaki nyuma. Makala moja kubwa kuhusu namna ya kuvunja kila aljebra katika vigawo vyake, ambayo aliiandika kabla ya vita, ilichapishwa mwaka 1949. Baada ya hapo hakuandika tena jambo zito katika uwanja huo. Hata hivyo moyo wake haukuuacha. Mwaka 1954, katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati mjini Amsterdam, aliombwa azungumzie maswali ya hisabati yasiyokuwa na majibu. Wasikilizaji walitarajia mapitio ya somo zima, kama Hilbert alivyofanya Paris mwaka 1900. Yeye alizungumzia zaidi opereta na uhusiano wake na fizikia na mantiki, na wako waliotoka ukumbini wakiwa wamevunjika moyo.

Mwaka 1955 aligundulika kuwa na saratani. Alifariki Washington tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Princeton.

6.0 Suala la Wanafunzi

Ukichunguza orodha ya watu waliopata udaktari chini ya von Neumann, utashangazwa na ufupi wake. Israel Halperin, Mkanada, alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1936. Donald Gillies, pia Mkanada, alihitimu mwaka 1953 kwa tasnifu ya nadharia ya michezo. Hata tukiwatafuta wengine, hesabu haifikii ile ya profesa wa kawaida mwenye miaka 25 kazini.

Sababu za hali hiyo ni tatu. Kwanza, taasisi aliyoajiriwa haikuwa na wanafunzi wala haikutoa shahada. Iliundwa ili wasomi wafikiri bila kusumbuliwa na ufundishaji, na neema hiyo ilikuwa na gharama yake. Pili, kasi ya mawazo yake iliwaacha nyuma hata wenzake waliobobea. Tatu, kazi za serikali zilimfanya awe mtu wa safari. Paul Halmos, aliyekuwa msaidizi wake Princeton, alifaidika kwa namna nyingine. Mihadhara ya von Neumann ndiyo iliyomwongoza kuandika kitabu chake cha mwaka 1942 kuhusu nafasi za vekta zenye vipimo vyenye ukomo, kitabu kilichofundisha vizazi vya wanafunzi. Halperin naye alishika njia ya mwalimu wake. Alifundisha Kanada kwa miaka mingi, na aliwaunganisha watafiti wa opereta wa nchi hiyo katika mkutano wa kila mwaka.

Murray mwenyewe hakuunda shule kubwa. Kufikia mwisho wa vita, basi, ringi za opereta zilikuwa makala chache ndefu na ngumu, zenye waandishi wawili, mmoja wao akiwa amehamia kwenye kompyuta na mabomu. Zingeweza kubaki maktabani kama mali isiyo na mrithi.

7.0 Warithi

Uhai wa taaluma hii ulipatikana kwingine. Mwaka 1943 Israel Gelfand na Mark Naimark wa Urusi ya Kisovyeti walieleza jamii pana zaidi ya aljebra za opereta, wakizitambua kwa sifa zake za ndani bila kutaja nafasi ya Hilbert. Mwaka 1947 Irving Segal wa Marekani aliziita aljebra za C-nyota, na jina hilo likakubalika.

Mwaka 1946 Marshall Stone alikabidhiwa uongozi wa idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Chicago. Stone, aliyekuwa rika la von Neumann na aliyechapisha mwaka 1932 kitabu chake mwenyewe kuhusu opereta, aliona kwamba idara hujengwa kwa watu na utaratibu, si kwa jina la mtu mmoja. Katika idara hiyo walikuwamo Segal, Halmos na Irving Kaplansky kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa uzamivu hapo alikutana na somo hilo katika mihadhara, katika semina, na katika mazungumzo ya wanafunzi wenzake. Mwaka 1950 walihitimu vijana wawili kwa pamoja: Richard Kadison chini ya Stone, na Isadore Singer chini ya Segal. Mwaka 1959 walichapisha pamoja swali kuhusu opereta lililodumu bila jibu hadi mwaka 2013.

Kadison ndiye aliyeurithi ulezi wa taaluma kwa ukamilifu zaidi. Alisimamia tasnifu Columbia, ambako James Glimm alihitimu mwaka 1959, kisha kuanzia mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1967, kwenye mkutano uliofanyika Baton Rouge, aligawa orodha ya maswali ishirini kuhusu aljebra hizi. Orodha hiyo haikuchapishwa, lakini ilisambaa mkono kwa mkono, na kijana aliyetafuta mada ya tasnifu alijua pa kuanzia. Baadaye, mwaka 1983 na 1986, yeye na John Ringrose wa Uingereza walitoa juzuu mbili za kiada zenye mazoezi mengi. Mazoezi hayo yalimfikisha mwanafunzi hatua kwa hatua hadi kwenye matokeo ambayo zamani yalisomwa katika makala za wabobezi tu.

Ufaransa ilipata mlezi wake katika Jacques Dixmier. Kitabu chake cha mwaka 1957 kiliyapanga matokeo yote ya von Neumann na wafuasi wake katika utaratibu mmoja unaofundishika. Mwanafunzi wake Alain Connes aliwasilisha mwaka 1973 tasnifu iliyoigawanya ile aina ya tatu katika matabaka yanayoweza kuchunguzwa moja moja, na mwaka 1982 alitunukiwa nishani ya Fields. Kazi ya Connes ilitegemea ugunduzi wa Mjapani Minoru Tomita wa mwaka 1967. Maandishi ya Tomita yalikuwa magumu kueleweka mpaka Masamichi Takesaki alipoyaeleza upya kwa kirefu mwaka 1970. Hapa pia tunamwona mgunduzi akihitaji mfafanuzi.

Mfano wa mwisho ni wa Vaughan Jones wa New Zealand, aliyehitimu Geneva mwaka 1979. Akichunguza jinsi kigawo kimoja cha aina ya pili kinavyokaa ndani ya kingine, alifikia mwaka 1984 kanuni mpya ya kutofautisha mafundo ya kamba, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka upande huo. Alipata nishani ya Fields mwaka 1990. Vigawo hivyo ni vilevile vya mwaka 1936. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na watu waliofunzwa kuvitazama.

8.0 Suala la Istilahi

Historia ya majina ya taaluma hii ina mafunzo kwa mwanaisimu. Von Neumann alianza kuandika kwa Kijerumani na akaendelea kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili alitumia neno ringi. Katika matumizi ya aljebra neno hilo halina uhusiano na pambo la kidoleni, kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili atakayeandika pete za opereta atakuwa amefasiri umbo na kuiacha dhana. Segal alianzisha mtindo wa majina ya herufi na nyota. Dixmier ndiye aliyeweka katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1957 jina la aljebra za von Neumann, na jina hilo ndilo lililoshinda. Kwa hiyo jina lake lilianza kuenea kama istilahi katika mwaka uleule aliofariki, tena katika lugha ambayo si ile aliyoandikia kazi hiyo.

Tunaona kwamba istilahi haikutulia kwa sababu ya uzuri wa neno lenyewe. Ilitulia kwa sababu iliingia katika kitabu kilichosomwa na wanafunzi ambao baadaye waliandika tasnifu kwa kuitumia. Katika vyuo vikuu vya Kenya, tasnifu za uzamili na uzamivu kuhusu opereta katika nafasi ya Hilbert zimekuwa zikiandikwa kwa miaka mingi, na huandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilithibitisha kwamba msamiati wa sayansi unaweza kuundwa kwa utaratibu. Makala haya yenyewe yamejaribu kueleza dhana ngumu kwa maneno kama kigawo, kupatana na kipimo, ambayo tayari yamo katika lugha. Hata hivyo, istilahi iliyomo kamusini bila mwanafunzi wa kuiandikia ni kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani. Haijaoza, lakini wala haijaota.

9.0 Hitimisho

Maisha ya John von Neumann yanaonyesha uwezo wa akili moja na mipaka yake. Katika muda wa miaka kumi na minne, kati ya 1929 na 1943, aliweka msingi ambao haujatikiswa. Lakini msingi huo ungeweza kuota nyasi. Nyumba ilisimamishwa na Stone aliyejenga idara, Dixmier aliyeandika kitabu, Kadison aliyegawa maswali na kusahihisha rasimu, na wanafunzi waliokubali kutumia miaka yao wakichunguza vigawo vya watu wawili waliokwisha kuviacha.

Idara zetu hupenda kuhesabu fahari zao kwa majina ya wabobezi na machapisho yao. Mfano tulioujadili unadokeza kipimo kingine: ni maswali mangapi ambayo idara imewakabidhi vijana wake, kwa lugha wanayoweza kuitumia kufikiri, na ni wangapi kati yao wamefikia mahali pa kuwasimamia wengine. Kwa kipimo hicho, von Neumann mwenyewe aliwaachia wengine sehemu kubwa ya kazi, nao waliifanya.